Kibao Namba Arobaini na Moja

Karakana ile ya reli ilikuwa na sheria nyingi ukutani, lakini iliyoandikwa kwa damu ilikuwa moja: kibao hutunguliwa na aliyekitundika.

Zamani za injini za mvuke, fundi mmoja alisagwa chini ya behewa kwa kuwa hakuna aliyejua yumo. Basi injini ya mwisho ya mvuke ilipokufa, mafundi wenzake marehemu walilikata tumbo lake, wakapata vibao sitini vya chuma, wakavipaka rangi nyekundu na kuchonga namba kwa patasi, kila mtu na yake. Ukiingia chini ya behewa, unatundika chako kwenye ndoano ya mbele. Kikining'inia pale, hata waziri na msafara wake wangesubiri.

Msumari alirithi namba kumi na saba kwa baba yake. Alikuwa fundi wa breki, mwembamba, mdomo mkali kuliko tupa. Mkewe alimkimbia zamani, na tangu hapo chakula chake cha jioni kilikuwa kwa mdogo wake wa pekee, aliyeolewa na fundi mwenzake wa karakana ile ile, namba arobaini na moja. Huyo shemeji walimwita Taratibu. Alikaza nati, akaikagua, akaondoka, akarudi kuikagua tena.

"Shemeji, hilo behewa unalitengeneza au unalichumbia?" Msumari alimchokoza kila siku.

"Nalichumbia. Wewe uliyeoa kwa haraka umebaki na nani?"

Mafundi walicheka mpaka spana zikawaponyoka, na Msumari alicheka kuwashinda wote.

Mazoea mabaya aliyaanza yeye. Njia ya tatu peke yake ndiyo iliyokuwa na paa. Ukienda kula, injini ya kupangia mabehewa ilikuja ikalisukuma behewa lako juani, na ukirudi unafanyia kazi chuma kinachounguza kama kikaango. Siku moja Msumari akaacha kibao chake kinaning'inia, akaenda zake kula. Alirudi akakuta behewa lipo kivulini, akajiona mjanja. Mwezi haukuisha, karakana nzima ikawa inafanya hivyo. Vibao vikaanza kusema uongo. Na dereva wa ile injini, mzee mnene waliyemwita Honi, akaanza kuuliza, "Chini kuna mtu?" Aliyekuwa karibu alijibu, "Hamna," akakitungua kibao cha mwenzake, kazi ikaendelea. Msimamizi aliyaona yote. Mabehewa yalikuwa yanatoka kwa wakati, naye akafumba jicho.

Aliyekataa ni Taratibu. Chake kikining'inia, yumo.

Jumanne ile, saa sita mchana, Honi alihitaji njia ya tatu. Kibao namba arobaini na moja kilikuwa kwenye ndoano. Msumari alikuwa anapita na kopo lake la chakula, njaa inamuuma. Dakika chache kabla alikuwa ameona mgongo wa mtu mwenye ovaroli ya bluu ukielekea bombani, naye akasema moyoni, yule ni shemeji. Karakana nzima ilivaa ovaroli za bluu.

"Chini kuna mtu?" Honi aliuliza.

"Hamna. Shemeji yuko bombani ananawa."

"Una hakika? Huyu wako huwa haachi kibao."

"Na yeye kajifunza ujanja, mzee. Vuta."

Kuinama ni kitu cha kupepesa jicho. Hakuinama. Alikitungua kibao, akakibana kwapani. Honi akapiga honi, kama ilivyo desturi. Taratibu bila shaka aliisikia kule chini, na hakuwa na sababu ya kushtuka, kwa kuwa kibao chake kilikuwa kinaning'inia.

Injini ikavuta.

Walipomaliza kumtoa, Msumari alikuwa bado amekibana kibao kwapani, mkono umekufa ganzi. Msimamizi alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Nimeandika kwamba marehemu hakutundika kibao," alisema bila kumtazama. "Kama hakutundika, ni uzembe wake, mambo yanaishia hapo. Kama alitundika, tunazama watatu. Marehemu hafukuzwi kazi, Msumari. Sisi tunafukuzwa."

"Na jina lake, mkuu?"

"Jina halisagwi na gurudumu."

Msumari alitoka. Kibao alikificha uvunguni mwa kitanda chake, na usingizi ukamkimbia.

Siku ya tatu ya msiba mdogo wake alimvuta pembeni, nyuma ya nyumba, penye kamba ya nguo. Macho yake yalikuwa makavu, na ukavu ule ulimtisha Msumari kuliko kilio.

"Kaka, wanasema hakutundika. Mtu aliyekuwa akiamka kuangalia jiko mara mbili kama limezimwa. Mwanangu karudi shule analia, wanamwambia baba yake alijiua kwa uzembe. Wewe ulikuwepo. Alitundika?"

"Kuna kikao Jumatatu," Msumari alisema. "Yote yatasemwa huko."

"Nakuuliza wewe, sikiulizi kikao."

Alitazama kamba ya nguo. Ovaroli ya marehemu ilikuwa imefuliwa, imeanikwa.

Jumatatu asubuhi walikaa katika chumba cha vipuri, wakubwa watatu kutoka makao makuu nyuma ya meza, mafundi wamejazana madirishani, mjane kwenye benchi la nyuma. Msimamizi alisoma taarifa yake kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni. Kisha wakamwita fundi wa breki, namba kumi na saba.

Msumari alisimama, akaingiza mkono ndani ya shati, akakitoa kibao na kukiweka mezani. Chuma kiligonga mbao.

"Alitundika," alisema. "Nilikitungua mimi."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya mdomo wangu. Dereva aliniuliza, nikasema hamna mtu. Sikuinama kutazama. Na huu mchezo wa kuacha vibao tukienda kula, wa kwanza kuucheza nilikuwa mimi. Shemeji hakuwahi kuucheza hata siku moja."

Msimamizi alikunja karatasi yake mara nne. Honi, dirishani, alivua kofia akafunika uso. Msumari hakuthubutu kugeuka kutazama benchi la nyuma, ila alisikia hatua zikija. Mdogo wake alipita ubavuni mwake kama anayepita nguzo, akasimama mbele ya meza.

"Hiki ni cha mume wangu. Naweza kukichukua?"

Wakampa.

Kabla ya mchana taarifa ilikuwa imeandikwa upya, na Msumari alikuwa nje ya geti, kazi hana. Jioni miguu ikampeleka ilikozoea. Mkononi alishika lile kopo la chakula, la jikoni kwa mdogo wake, ameliosha mpaka linang'aa. Alikuwa na maneno ya kusema, ameyapanga njia nzima.

Kibao chekundu kilikuwa kwenye msumari wa mlango, namba arobaini na moja, kimening'inia sawasawa. Ndani vijiko viligonga sahani.

"Mama, mjomba leo haji?"

"Kula, mwanangu."

Msumari aliinua mkono. Vidole vilifika karibu na chuma, vikasimama, vikarudi. Aliinama, akaliweka kopo kizingitini polepole lisipige kelele, akaondoka.