Moshi wa Maua ya Manjano

Hadiyo alikuwa na ugonjwa mmoja tu tangu ahamie mtaa wa Waberi kwa binti yake Ugbad: kusubiri. Mwanawe Guleid aliondoka kwao Takaba na ngamia sita kufuata mvua, na sasa mwaka wa pili unakatika. Simu yake haipatikani, na wala hajui mama yake alikohamia. Majirani walishaanza kusema "Mungu amrehemu." Hadiyo aliwafokea. Mnamzika mtu bila maiti?

Asubuhi hiyo sokoni kulikuwa na zogo kwa Maka, muuza maziwa ya ngamia. Watu walionja, wakatema.

"Shubiri hii! Umetutilia nini?"

"Wallahi, nimeletewa hivi hivi," Maka akajitetea.

Hadiyo akaomba aonje. Moshi ulimfika puani kabla maziwa hayajagusa ulimi. Lo! Kila mwanamke wa nyikani hufukiza kibuyu chake kwa mti mtamu, maziwa yasiharibike. Yeye peke yake alifukizia mabua makavu ya ua la manjano, lile la porini linalojifanya alizeti na halifiki hata kifungo cha koti. Mawifi walimcheka mpaka wakachoka. Watoto wake walikulia uchungu huo wa maziwa.

Akafumba macho. Kelele za soko zikazama, bonde likafunguka, manjano tupu hadi macho yanapoishia, upepo ukipita juu yake taratibu. Guleid wa miaka saba alikuwa akitembea humo, maua yakimfika kiunoni, hana haraka, vumbi la manjano limemjaa mikononi. Hadiyo hakutaka kufumbua macho. Alijua akifumbua tu, mtoto atapotea tena.

"Hooyo, unalia?" Ugbad, aliyekuja naye sokoni, alimshika mama yake bega. "Twende nyumbani, maziwa yenyewe mabovu."

"Niache! Maka, niongeze."

Maka akaweka kata chini. "Umesemaje, mama?"

"Kikombe cha pili, nimesema. U kiziwi?"

"Subhanallah!" Maka akajishika kichwa. "Siku ya nne hii natukanwa na soko zima. Kijana anayeniletea kutoka njia ya Liboi alinisihi kwa machozi, ningekataaje? Alisema, 'Yauze hayo hayo. Wote watatema. Atakayeomba kikombe cha pili, huyo ndiye mama yangu. Mwambie namsubiri.'"