Sahani Mbili kwa Saa Mbili

Hartmut Brockhoff alifundisha jiografia huko Kassel kwa miaka thelathini na sita, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwuliza kwa nini mto unakwenda baharini ilhali upepo unatoka huko huko baharini kukukabili. Angeulizwa, huenda angekumbuka. Sasa alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja, siku ya tano kwenye njia ya baiskeli ya mto Weser, na upepo wa kaskazini ulikuwa haujamwacha uso hata dakika moja. Safari aliipanga mwenyewe. "Tutakuwa tunateremka tu mpaka baharini," alimwambia mkewe, huku akimwonyesha kwenye ramani kwa ncha ya penseli.

Mkewe, Gerlinde, alikuwa mbele. Siku zote tano alikuwa mbele, mwanamke aliyebadilishwa nyonga majira ya baridi yaliyopita, akipiga pedali huku akivumisha wimbo puani. Hartmut alimfuata akihema, goti la kulia likimtukana kila mzunguko. Kisingizio alikuwa nacho: hema, jiko la gesi na viti viwili vya kukunja alivibeba yeye.

Lakini kilichomkaa rohoni si goti, ni mdomo wake. Miaka mitatu nyuma, kwenye meza yao ya kila Alhamisi pale baa, mwenzake Detlef alisema amenunua baiskeli yenye mota. Hartmut aligonga meza, akaapa mbele ya wastaafu saba: siku yeye au Gerlinde atakapohitaji mota, atauza hema, na wataanza kupanda basi la watalii pamoja na wazee. Detlef, ambaye baadaye alidai ameiuza baiskeli ile, aliyaandika maneno yale nyuma ya kigodoro cha karatasi cha kuwekea bilauri, na mpaka leo kimebandikwa ukutani juu ya kiti cha Hartmut. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Hartmut alikuwa amewatukana wakunga wa mkoa mzima.

Na hema lile alilipenda. Alipenda kahawa ya asubuhi mlangoni mwake, na Gerlinde akiwa nywele timutimu ndani ya mfuko wa kulalia, akilalamika kuhusu bata. Basi la watalii halina bata. Ndiyo maana kwa siku tatu alikuwa ameficha kwamba goti limekwisha, na kila asubuhi alijiambia atasema kesho.

Gerlinde naye alikuwa na kasoro moja tu safarini. Kila jioni, wakishakula tambi, alichukua sahani mbili na taulo, akaenda kuosha kwenye jiko la kambi, akarudi baada ya saa mbili.

"Kulikuwa na foleni," alisema.

"Foleni ya sahani mbili?"

"Mimi naosha zikatakata, mwalimu. Si kama wewe."

Asubuhi hiyo ya tano, karibu na Bodenwerder, mvua ilinyesha. Walifungasha haraka chini ya kibanda, wote wawili ndani ya makoti yale yale ya manjano na kofia zile zile za bluu, kwa sababu akina Brockhoff walinunua kila kitu sare, kama wenzao wengi wa rika lao. Baiskeli nazo zilikuwa pacha, za kijani kibichi. Hata urefu wao ulikuwa mmoja, ingawa Hartmut hudai anamzidi mkewe sentimita mbili. Tofauti ilikuwa ua dogo la karatasi ambalo mjukuu wao alilibandika kwenye kengele ya bibi. Katika mvua ile, nani angetazama kengele? Hartmut alitundika mifuko yake kwenye baiskeli iliyokuwa karibu, akapanda, akatangulia.

Mita mia za kwanza alidhani upepo umegeuka. Akatazama bendera ya kambi: bado ilikuwa inampepea usoni. Basi ni tambi za jana, akaamua. Au ni mazoezi, hatimaye mwili umekubali. Goti lilinyamaza. Nyuma alisikia Gerlinde akiita, "Hartmut! Ngoja kwanza!" naye akapaza sauti bila kugeuka, "Sukuma kwa kisigino, Gerli! Siri ni kisigino!"

Aliwapita vijana wawili waliovaa nguo za kubana. "Subira tu, wanangu," aliwaambia, "na ninyi mtafika." Kichwa kilimvimba hata kofia ikambana.

Kwenye kivuko cha Grohnde palikuwa na kibanda cha soseji. Hartmut aliagiza moja, akamsimulia mama muuzaji habari za kisigino. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, akimimina haradali.

"Dada yangu anayo kama hiyo," alisema. "Betri wameificha ndani ya bomba. Mtu huwezi kujua."

"Yangu haina betri."

"Sawa, babu. Basi kinawaka nini hapo chini ya kiti?"

Hartmut aliinama. Kitaa kidogo cha kijani kilimkonyeza. Akatazama kengele, akaliona ua. Soseji ikapoa mkononi.

Akakumbuka baiskeli ya Gerlinde ilivyokaa kwa fundi wiki tatu majira ya kuchipua, eti inabadilishwa breki. Akakumbuka sahani mbili kwa saa mbili. Alitaka kukasirika, akatafuta hasira mfukoni mwote asiipate. Mkewe hakumdanganya kwa ajili ya nyonga. Alimdanganya ili hema lisiuzwe.

Saa nzima baadaye Gerlinde alitokea, akitembea huku akiisukuma baiskeli, koti likimdondoka maji, akichechemea. Hartmut aliona aibu kuliko siku yoyote aliyoikumbuka, na alimpenda mno. Alimkimbilia, kwa kadiri goti lilivyomruhusu, akaipokea baiskeli.

"Baiskeli yako ni gari la ng'ombe," Gerlinde alisema, akikaa. "Siku tano umeendesha hii? Na goti lile?"

"Goti gani?"

"Mwalimu, unalia usingizini."

Hartmut alimpa soseji iliyobaki. Wakatazama kivuko kikivuka, kikarudi.

"Gerli," akasema, "leo nimekwenda vizuri sana."

"Nimekuona. Mgongo tu, lakini nimekuona."

"Sijui ilikuwaje."

Gerlinde aliacha kutafuna, akamkazia macho. "Hujui kabisa?"

"Kabisa. Kwa hiyo sina la kumwambia Detlef."

"Na kesho?"

"Kesho zamu yako kuendesha hiyo yenye ua. Keshokutwa yangu. Tutapeana, maana zinafanana, nani atajua?"

Gerlinde alicheka mpaka haradali ikamtoka puani, na mama wa kibandani akaleta leso za karatasi bila kuombwa.

Jioni ile, kambini Hameln, tambi zilipokwisha, Hartmut alisimama kabla yake. Alichukua sahani mbili na taulo, na chini ya taulo betri iliyochomolewa na waya wake wa kuchajia, alivyokabidhiwa na Gerlinde.

"Nitaosha mimi."

"Usiharakishe," Gerlinde alisema. "Zitakate."

Jikoni, kando ya soketi za ukutani, wazee watano walikuwa wamesimama, kila mmoja ameshika chombo safi, wakitazama dari. Mmoja alisogea kidogo, akampisha Hartmut mahali pa kuchomeka.

Wa mwisho kwenye mstari, akifuta sufuria kavu kabisa, alikuwa Detlef.