Raundi ya Debe Moja

Kocha Pumba alikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyeweza kulitoa kichwani mwake: ng'ambo wanaiba dakika. Alilisema uwanja wa ndege, akalisema mbele ya waandishi wa habari, na safari moja alimwambia mgonga kengele wa watu usoni kabisa, akatolewa ukumbini na mabaunsa wawili huku mpwa wake akishonwa nyusi chumba cha pili.

"Wanagonga mapema," alisema. "Kijana wangu akianza tu kuchemka, ngo, kakae chini. Hizo ni ngumi au ni mchezo wa watoto?"

Watu walimcheka, na tuseme ukweli, walikuwa na haki. Mabondia wa nchi yake ndogo walikuwa wamekwenda ng'ambo mara kumi na tisa kwa miaka minne, na mara zote kumi na tisa walirudi wamepigwa. Magazeti ya kwao yakawabandika jina la watalii: wanapanda ndege, wanapiga picha, wanapigwa, wanarudi. Safari saba kati ya hizo zilikuwa za mpwa wa Pumba, mtoto wa dada yake, ambaye waandishi walimwita Taratibu kwa sababu kila raundi aliianza kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Anatazama, anazunguka, anatazama tena. Akija kuamka, kengele.

Sasa chama cha ngumi kilikuwa kimechoka. Barua ilikuja na muhuri wake mkubwa: pambano la nane ndilo la mwisho, akipoteza ananyang'anywa leseni. Taratibu aliisoma mara mbili, akaikunja ndogo, akaitia ndani ya buti lake la ulingoni. Pumba alisema ya watu wawili.

Kazi ya Pumba ya kila siku ilikuwa kusaga. Mashine ilikuwa yake na mkewe. Mke anapokea wateja, yeye anamimina, na jioni anatoka humo mweupe mpaka kope, pumba masikioni, ndipo jina lilipotokea. Nyuma ya banda alikuwa ametundika magunia matatu yaliyoshindiliwa matambara, na hapo ndipo mabondia wa mtaa mzima walipojifunzia. Kengele isingesikika kwa ule mngurumo. Saa ya ukutani aliwahi kuitundika, ikala unga, ikafa wiki hiyohiyo. Basi akapata akili. Siku mashine ilipofungwa, ikiwa mpya inang'aa, aliazima saa ya mwalimu wa jirani akapima: debe moja la mahindi, tangu kumiminwa hadi kuisha, dakika tatu kamili. Raundi moja hiyo. Mashine ikinguruma kwa uzito, piga. Ikibaki inalia nyepesi, pumzika mpaka mteja mwingine amiminiwe. Alijisifia ubunifu huo kwa kila aliyekuwa na masikio. Hakupima tena, na hiyo ilikuwa miaka tisa iliyopita.

Ijumaa mchana, siku moja kabla ya pambano, walikuwa hotelini: chumba cha vitanda viwili, kapeti linalonuka sabuni, dirisha lisilofunguka. Taratibu alisimama katikati ya chumba, mikono juu, asirushe hata ngumi moja.

"Mjomba, siwezi. Kumekuwa kimya mno. Mikono haijui ianze lini."

Pumba akampigia mkewe. Mwanamke yule hakuwa mtu wa kuuliza maswali mengi. Alirekodi debe zima kwa simu akalituma, na sauti yake ikitangulia mbele.

"Haya, mashine yenu hiyo. Na ujue kesho asubuhi fundi anakuja kubadilisha nyundo za kusagia. Zimelika, baba watoto. Wateja wananisema, debe moja linakaa humo mpaka mtu anamaliza umbea wa mtaa mzima. Tulieni sasa, namimina."

Pumba aliiweka simu juu ya friji ndogo. Mashine ikanguruma chumba kizima, na Taratibu akaamka kama aliyeitwa jina. Akazunguka, akatazama, akasogea, na mwishoni kabisa, mngurumo ulipokaribia kuisha, akafungua mikono yote miwili. Ilikuwa raha kumwona. Kisha sauti ikawa nyepesi, akashusha mikono.

Pumba hakuwa akimtazama. Alikuwa akitazama namba kwenye kioo cha simu. Dakika nne na nusu. Toa maneno ya mkewe, nusu dakika. Zilibaki nne.

"Simu mbovu hii," alisema. Akairudisha mwanzo, akafuatisha na saa ya mkononi. Nne. Akarudia mara ya tatu, kwa hasira, kana kwamba mashine ingemwonea aibu. Nne.

Akakaa kitandani. Nyundo zimelika. Hazikulika siku moja. Zililika punje kwa punje, miaka tisa, na raundi yake ikarefuka pamoja nazo bila kubisha hodi. Mpwa wake alikuwa amefunzwa kugawa nguvu mafungu manne: dakika mbili za kumsoma mtu, ya tatu ya kumsogelea, ya nne ya kummaliza. Na ng'ambo dakika ya nne haikuwepo. Hakuna aliyewaibia kitu.

Angeweza kunyamaza. Wazo hilo lilimpitia, tusimsafishe. Angesema tu, "Kesho anza mapema," na mpwa angeitikia kama kawaida yake. Lakini alimwona Taratibu anainama kurekebisha buti, anaisukuma ile barua kwa kidole ili isimwume, akaona haiwezekani.

"Mjomba," alisema, maana waliitana hivyo wote wawili. "Kaa. Raundi ninayokufundisha ni ya dakika nne. Mashine imechakaa na mimi sikupima. Hakuna aliyegonga kengele mapema. Mapambano saba yale nimekupotezea mimi."

Taratibu aliacha buti, akakaa kitanda cha pili.

"Na yule mzee wa kengele uliyemwita mwizi?"

"Nilimkosea."

Kijana akaingia bafuni, akafungua maji, akayaacha yakimwagika. Alipotoka uso ulikuwa umelowa na macho mekundu.

"Nilidhani mimi ndiye mbovu," alisema. "Miaka minne. Nikirudi nyumbani namkwepa mama machoni, nadhani sina moyo."

Pumba akamsogezea nafasi kitandani. Alimshika mpwa wake kisogoni, akamvuta, wakakaa hivyo wakitazama kapeti.

"Kwa hiyo kesho," Taratibu akasema hatimaye, "nianze na dakika ya nne."

"Anza nayo. Na usiiache. Pumzi unayo ya kubaki."

Pambano lilikuwa saa kumi alasiri, ukumbi nusu mtupu, watu wakitafuta viti na vinywaji, kwa sababu wageni walioletwa kupigwa hupangwa mwanzo. Raundi nane. Mwenyeji alikuwa kijana wa mapambano kumi na mbili bila kupoteza, kaptura ya rangi ya dhahabu, watu sita kwenye kona yake. Upande wa pili walikuwa wawili, ndoo moja, na taulo za hoteli ambazo Pumba aliapa angezirudisha.

Watu wa mwenyeji walikuwa wameangalia video. Walijua kwamba huyu mgeni dakika mbili za mwanzo ni za kutalii. Kwa hiyo kengele ilipolia mwenyeji alitoka mikono chini, anatabasamu kwa mpiga picha, na Taratibu akavuka ulingo wote bila kutazama kitu akampiga mbavuni mpaka tabasamu likageuka kikohozi. Hakurudi nyuma. Alimbana kwenye kamba, akamfuata alipokimbia, akamgonga tena alipogeuka. Waliokuwa wakitafuta viti wakaacha kutafuta.

Kengele ikalia. Taratibu alikuja konani anakunja uso.

"Imeisha?"

"Imeisha, mjomba."

"Fupi hivi?"

Pumba alicheka mpaka akamwaga maji.

Raundi ya tatu mazoea ya zamani yalirudi. Taratibu akaanza kuzunguka, kusoma, na mwenyeji, ambaye hakuwa mjinga, akamtia ngumi ya kulia iliyompasua nyusi ileile ya siku zote. Damu ikamwingia jichoni. Pumba aliona leseni ikiondoka mbele ya macho yake. Akapiga kofi ubao wa ulingo, akapaza sauti ileile anayowaitia mabondia wa gunia la mwisho nyuma ya banda.

"Debe linaisha huku! Linaisha!"

Ukumbini hakuna aliyeelewa, ila mmoja. Taratibu akafungua mikono yote miwili.

Kuanzia hapo ilikuwa kazi ya upande mmoja. Raundi ya tano mwenyeji alikuwa akipumulia mdomo. Ya sita akapiga goti, akasimama kwa kushikilia kamba. Taratibu hata bega halikupanda kwa kuhema. Kila dakika moja ya kupumzika aliketi kwa adabu kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni. Raundi ya saba ikagongwa, na mwenyeji akabaki kwenye kiti chake. Kocha wake alimtazama, akamtazama Taratibu aliyekwisha kusimama katikati ya ulingo anangoja, akatikisa kichwa, akapunga mkono kwa mwamuzi. Basi.

Mkono wa Taratibu ukainuliwa. Watu wasiojua hata nchi yake iko wapi walisimama wakapiga makofi. Pumba alipanda ulingoni, akamkumbatia, akashuka tena mbio, moja kwa moja mpaka meza ya mgonga kengele, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili na kumwomba radhi kwa lugha ambayo mzee yule hakuijua. Hakuwa yule mzee aliyemwita mwizi, lakini Pumba alihitaji mtu wa kumwomba.

Chumbani, Taratibu alivua buti. Barua ilitoka imelowa jasho, wino umetapakaa, muhuri hausomeki. Akaitupa kwenye ndoo. Pumba alikuwa tayari na simu sikioni. Kule nyumbani ilikuwa bado asubuhi, na nyuma ya sauti ya mkewe mashine haikusikika. Ule ukimya ulimtisha kuliko ile damu.

"Fundi amefika?"

"Amefika. Ameshafungua bolti mbili, nyundo mpya ziko hapa."

"Mwambie azirudishe. Asiguse hata nyundo moja."

"Na wateja?"

"Wateja nitawaeleza mwenyewe."

"Wewe mwanamume, ninakuuliza, mmeshinda au mmepigwa?"

Pumba alifungua mdomo. Machozi yakatangulia maneno. Akampa mpwa wake simu.

"Anti," alisema Taratibu. "Tumeshinda. Na muda umebaki."

Walimsikia akimwambia fundi neno, wakasikia bolti zikikazwa, na baada ya muda ile mashine kuukuu ikawaka, ikalia nyepesi, kisha ikanguruma kwa uzito.