Bwawa Linachotwa

Jumanne ya pili ya mwezi Machi, saa tatu asubuhi, Rosalva Treviño aliegesha gari lake nyuma ya nyumba ya Bwana Hollis Brandvold, upande wa kaskazini wa San Antonio. Akashusha pampu ndogo ya hewa, chupa ya wino mwekundu na kipaza sauti cha kusikilizia majini. Ilikuwa nyumba yake ya arobaini na moja tangu baridi ya Februari ilipopasua mabomba Texas nzima. Kazi ya kutafuta mabwawa ya kuogelea yanakovuja alikuwa ameifanya miaka ishirini na miwili.

Brandvold alimpokea barazani na kikombe cha kahawa mkononi. Bwawa lilikuwa likipungua upana wa kidole kila siku.

"Wewe ni fundi wa tatu, dada. Wa kwanza aliniambia ni jua tu linakausha."

"Jua la Machi?" Rosalva akasema. "Huyo alikuwa na njaa, anataka kwenda kula."

Akaziba midomo ya mabomba, akajaza hewa, akasubiri. Mshale wa kipimo haukushuka; mabomba yalikuwa mazima. Akatumbukiza kipaza sauti na kusikiliza kuta zote nne. Maji yanayopenya ufa hunong'ona. Humu hakusikia mnong'ono. Alisikia mtu akihema, kama apandaye ngazi na mzigo. Akavaa miwani, akaingia majini, akaachia tone la wino karibu na vidato vya kushukia majini. Wino ukanyooka kama uzi, ukaingia kwenye ndoo.

Aliyeishika ndoo alikuwa bibi mweusi aliyevaa makoti mawili juu ya gauni la kulalia. Barafu ilikuwa imemganda kwenye nywele na jua halikuiyeyusha. Rosalva akavua miwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sogea kidogo, mwanangu, nisikumwagie."

"Unayapeleka wapi?"

"Hapo nyuma ya ukuta, kwenye fleti. Mimi ni Ernestine Pickett, namba kumi na saba."

Akaeleza huku akijaza. Siku ya tatu ya baridi, umeme ukiwa umekatwa na bomba la fleti limepasuka, alikuja getini kuomba ndoo moja ya maji ya kumwagia chooni, yake na ya jirani yake asiyeweza kutembea. Taa za nyumba hii zilikuwa zinawaka zote, hata za bustanini, kwa kuwa laini yake ya umeme ni moja na ya hospitali, isiyokatwa. Brandvold akamjibu kwa spika ya getini kwamba bwawa ni mali ya mtu, na akiteleza nani atabeba lawama. Bi Ernestine akarudi. Siku ya tano majirani walimkuta kitini, amekufa kwa baridi.

"Sasa mbona bado unachota? Baridi imeisha."

"Baridi imeisha, bomba halijatengenezwa. Mwenye fleti anasema fundi anakuja. Wiki ya nne hii, fundi anakuja." Akashika kiuno. "Tuko nyumba thelathini, ndoo moja kila nyumba. Na mimi nilidhani kufa ni kupumzika."

Rosalva akampokea ndoo. Ukuta ulimpisha Bi Ernestine. Rosalva ilimbidi azunguke kwa getini. Upande wa pili wapangaji walikuwa wamejipanga na masufuria. Mzee mmoja, Odell, akapokea maji yake na kuyanusa.

"Leo mko wawili? Afadhali. Mwambieni tajiri apunguze dawa ya bwawa, inatuwasha macho."

Rosalva akaliona bomba lililopasuka, ufa wa urefu wa kiganja. Ilikuwa kazi ya nusu siku. Akapiga simu ofisi ya mwenye fleti, akasema atalitengeneza yeye, leo hii, bure. Akaambiwa asiguse mali ya watu. Fundi anakuja.

Aliporudi kwa Brandvold alikuwa bado na hasira, na mwandiko wa ripoti yake ulikuwa mbaya. Aliandika: *Bwawa halivuji. Linachotwa.*

"Na nani?" Brandvold akauliza.

"Bi Ernestine Pickett, wa fleti za nyuma. Alikufa Februari."

Brandvold akafikiri. "Yule mama wa ndoo. Nilimwambia wazi kabisa. Hakuelewa?"

"Alielewa, bwana. Ndiyo maana alirudi kwake akafa."

"Usinitolee maneno, dada. Unaweza kuziba au huwezi?"

"Nizibe nini? Mdomo wake au wangu?"

Brandvold akasema atatafuta mwingine.

Akampata. Huyo aliongeza ukuta nusu mita na kufunga kamera, iliyoonyesha ndoo ikienda na kurudi. Mwishowe Brandvold akaamua kuacha mpira wa maji wazi kila jioni ulijaze bwawa upya. Maji yalimfikia kwa bomba kuu la jiji, lile lile linalopita chini ya fleti. Rosalva aliiandikia halmashauri ya jiji mara tatu kuhusu bomba la fleti, na mara tatu akajibiwa kwamba malalamiko yamepokelewa.

Mwezi Juni Brandvold alialika wageni. Walichoma nyama, wakakaa kwenye vidato vya bwawa, miguu majini. Bi Ernestine alipokuja wakakunja magoti kumpisha, bila kukatiza mazungumzo.

"Pole, mama," akasema mwanamke mmoja, akiinua glasi yake isidondokewe na maji.

Bi Ernestine akajaza ndoo ya ishirini na mbili. Zilibaki nane.