Kidonda cha Msumari

Msumari ulitoka na damu. Fundi aliupangusa kwenye aproni, akaupigilia kwenye kisigino kama kawaida, kisha akameza damu iliyobaki mdomoni. Viatu vya shule vilikuwa vimerundikana mbele yake hadi dirishani, shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, na katika karakana ile hapakuwa na mtu mwenye nafasi ya kutema.

Mafundi wote pale hufanya kazi na misumari mdomoni. Unaibana kwa midomo, ulimi unausukuma nje mmoja mmoja, mkono wa kushoto unaudaka, na wa kulia umeshainua nyundo. Anayeshika misumari kwa mkono hatimizi hata nusu ya viatu vya mwenzake, na nyapara hana subira na nusu. Ndiyo maana hakuna fundi ambaye hajawahi kupata kile wanachokiita kidonda cha msumari, kijeraha ndani ya mdomo wa chini, na dawa yake wanaijua wote: bwia ugoro kidogo, ubandike hapo hapo, kitatulia. Na kweli hutulia, maana ugoro hutia ganzi. Kidonda cha fundi huyu kilikuwa kimetulizwa hivyo tangu mvua zilizopita, na kadiri kilivyotulizwa ndivyo kilivyokua.

Ugoro wenyewe haukuwa mbali. Ukutani kulikuwa na bango jekundu: MARUFUKU KUVUTA SIGARA, GUNDI INAWAKA. Chini ya bango hilo ilikuwa meza ya nyapara, na juu ya meza kopo la ugoro uliofungwa kwenye vikaratasi. Aliwakopesha mafundi, kisha akakata kwenye ujira wao.

"Huu hauchomi karakana," alipenda kusema, na watu walicheka kwa sababu ilikuwa kweli.

Fundi hakuanza na ugoro. Ujanani alivuta sigara na shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye mtaa mzima ulimbatiza jina la Dohani kwa jinsi alivyofuka kutwa. Halafu binti akazaliwa na pumu. Siku moja midomo ya mtoto iligeuka rangi mikononi mwa mama yake, wakakimbia naye zahanati, na muuguzi akawaambia moshi wa sigara ndio unaomwasha kifua. Waliporudi, mke alisimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Chagua," alisema. "Moshi au mtoto."

Fundi alitupa pakiti chooni siku hiyo hiyo. Kiu ilipomzidi, ikawa anagombana hata na viatu, akahamia kwenye ugoro. Muuguzi alipomwona tena alimpongeza: "Afadhali, baba. Huo hauna moshi."

Nyumbani kwao hadithi hii ilisimuliwa kila alipokuja mgeni. Binti, ambaye sasa alikuwa anamaliza sekondari, aliisikiliza kila mara akijifanya anatafuta kitu kabatini, haya na fahari vikimjaa kwa pamoja. Dohani peke yake ndiye hakuisifu.

"Shemeji, umeruka mkojo ukakanyaga mavi," alikuwa akisema.

"Panapofuka moshi hapakosi moto," fundi alimjibu. "Nioneshe moshi wangu uko wapi."

Wakacheka, mmoja akafuka, mwingine akatema, na miaka ikaenda hivyo.

Sasa binti alikuwa amesimama nje ya karakana, upande ambao harufu ya gundi haifiki, kitambaa puani.

"Baba, uliniahidi tutakwenda zahanati."

Alikuwa ameona kikombe chake cha asubuhi, chai haijanyweka, ukingo una wekundu. Fundi alivua aproni. Nyapara hakuinua uso. "Usikae huko," alisema tu.

Zahanati ilikuwa ile ile ya miaka yote. Karani wa dirishani aliuliza shida ni nini.

"Mdomo," binti alijibu.

"Hapa hakuna mdomo. Kuna meno, macho, masikio na ngozi."

"Kidonda kiko kwenye mdomo, kaka."

"Basi niandike ngozi?"

"Andika meno," fundi alisema, na ule mdomo uliobishaniwa ukimuuma kwa kusema.

Walikaa kwenye benchi mpaka jua likahama ukuta. Mbele yao kulikuwa na picha kubwa ya mapafu meusi na sigara iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Fundi aliitazama muda mrefu. Aliwahi kuitazama akiwa amempakata binti huyu huyu, akaondoka pale kifua mbele, akijiona mshindi. Kuhusu ugoro hapakuwa na picha wala neno, na mtu hawezi kuogopa asichoandikiwa.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mikono mipole. Alivuta mdomo wa chini wa fundi taratibu, akaumulika. Kisha akapapasa chini ya taya, akarudia pale pale.

"Hapa una uvimbe. Unauma?"

"Huo hauumi. Ni kidonda tu, daktari. Cha msumari."

"Msumari ukitoka, kidonda hupona. Hiki kimeota kingo ngumu. Na hapa pembeni ngozi imekuwa nyeupe. Unaweka nini hapa?"

Binti ndiye aliyejibu. "Ugoro."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Daktari alivua glavu. "Sitakudanganya, baba. Lazima kikatwe kipande kidogo kipelekwe kupimwa, na sisi hapa hatuna uwezo huo. Nitakuandikia hospitali kubwa. Lakini sipendi ninachokiona. Ikiwa ndivyo ninavyohofia, watakata mdomo, na huenda na sehemu ya taya."

"Mimi niliacha sigara," alisema, kama anayedai haki yake. "Niliacha kabisa. Nilisikia huu ni afadhali."

"Sigara ingekuharibu mapafu, na moyo, na huo mdomo pia. Ugoro hauendi mapafuni, ni kweli. Ila unapouweka ndipo unapofanya kazi yake. Ulihama chumba, baba. Nyumba ni ile ile."

"Sasa mtu aache vyote atawezaje?"

"Kuna dawa za kumsaidia mtu kuacha."

"Zipo hapa?"

Daktari alitazama kabati lake. "Hapa hazijawahi kuletwa." Kisha akashika kalamu. "Ugoro ulianza lini? Na kwa sababu gani?"

Fundi alihisi macho ya binti shavuni mwake. Hadithi ambayo wageni wote waliisikia ilikuwa pale, tayari, na kwa mara ya kwanza aliikana.

"Kazini," alisema. "Kwa sababu ya gundi. Haturuhusiwi moto."

Binti aliinamisha kichwa, akaanza kukunja na kukunjua kile kitambaa chake.

Mlangoni daktari alimkumbusha: asiweke kitu mdomoni, si ugoro, si msumari. Hospitali kubwa kulikuwa na foleni ya miezi, lakini aende, asikate tamaa. Watu wenye kazi zao hupenda kusema usikate tamaa.

Fundi alirudi karakana peke yake. Alimweleza nyapara kila kitu, akaomba ashike misumari kwa mkono mpaka apate matibabu. Nyapara alimsikiliza hadi mwisho, na kwa hilo tunampa haki yake.

"Pole sana, fundi. Lakini Jumatatu watoto wanataka viatu. Pumzika. Ukipona, benchi lako lipo."

Benchi lake lilikuwa tayari na mtu, misumari mdomoni. Nyapara aliingiza mkono kwenye kopo, akatoa kikaratasi, akamtia fundi mfukoni mwa shati.

"Cha kupunguzia maumivu hicho. Nitakiandika."

Ilimpasa fundi kukitupa pale pale usoni pa nyapara. Mimi ningependa kusema alikitupa. Alisema ahsante, akaondoka nacho. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea hata mfuko.

Jioni aliketi uani na viatu vya binti, maana navyo vilikuwa vya shule, na soli zilikuwa zimeachia. Dohani alikuwa kwenye ngazi ya mlango. Sigara alikuwa hajaiwasha. Siku hizi aliishika tu, maana hata kutoka kwake mpaka pale kulimwacha akihema mdomo wazi. Mke alikuwa hajarudi kutoka sokoni. Hakuna aliyejua watamwambiaje.

Fundi alipiga msumari mmoja, akapapasa chini kutafuta mwingine, akauangusha. Akapapasa tena. Binti alimtazama, kisha akakaa kando yake, akachukua michache kwenye kopo la misumari na kuibana kwa midomo, kama alivyomwona baba yake akifanya tangu utotoni. Akausukuma mmoja kwa ulimi, akamwinamia.

"Toa!" Fundi alipiga kelele hata Dohani akashtuka. "Toa mdomoni! Toa!"

Hakuwahi kumfokea tangu azaliwe. Binti aliitema misumari kiganjani, machozi yakimlengalenga. Kifua chake kilianza kupiga filimbi. Alitoa pampu yake, akavuta, akangoja.

"Baba," alisema pumzi iliporudi. "Haikuwa gundi."

"Ilikuwa gundi."

"Ungeendelea na sigara, ungekuwa mzima leo?"

Fundi alitazama kwenye ngazi. "Muulize mjomba wako."

Dohani alifungua mdomo ajibu. Kikohozi kikamwahi, kikamkunja, kikamtikisa mpaka sigara ikamdondoka mkononi. Aliinua kiganja, kama anayeomba wamngoje.

"Kwa hiyo njia nzuri haikuwepo," binti alisema.

"Ilikuwepo. Hakuna aliyetuonesha." Ulimi wa fundi ulikuwa umeshakwenda wenyewe kwenye kidonda, ukitafuta pale panapokaa ugoro. Alitoa kikaratasi mfukoni, akakitia kwenye kiganja cha binti, akavifumba vidole vyake juu yake. "Kaa nacho. Nikikuomba kesho, usinipe. Nitakuomba, mama. Nitakuomba vibaya."

Binti alikuwa analia sasa bila kujificha.

"Nisikilize," fundi alisema, na kila neno lilimuuma. "Usije ukajihesabia kosa. Mimi nilichagua, wewe ulikuwa mchanga. Na wewe ulipumua. Unanisikia? Ulipumua."

Akashika nyundo, akamnyooshea mkono wa kushoto.

"Haya. Nipe msumari. Kwa mkono."