Hapa Hapakatiki

Itats en iem ade reta.

Sauti ya mwanamke, ikivimba polepole halafu ikakatika ghafla, kama mtu anayemeza maneno badala ya kuyasema. Ilitoka nyuma ya mlango wa chumba cha kuhariri, nami nilikuwa bado kwenye ngazi na chupa ya chai mkononi. Niliitambua kabla sijaelewa inafanyiwa nini. Ilikuwa sauti ya shangazi yangu, na walikuwa wanaicheza kinyumenyume.

Nilisukuma mlango bila kubisha. Mkasi, fundi wetu wa kuhariri, alikuwa ameinamia meza yake, mguu ukipiga mdundo. Chifu, mtayarishaji wa tamthilia zote za studio, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa dirisha akitafuna karanga.

"Njoo usikie mambo," Chifu akaniambia. "Si inasikika ya kale zaidi?"

"Hiyo ni lugha yangu?"

"Ilikuwa yako," Mkasi akasema, bila kugeuka. "Sasa tumeitia chumvi."

Niliweka chai chini kwa sababu niliona mkono wangu unataka kuirusha.

Tamthilia yetu ilihusu watu waliopotea bondeni, na mjane mzee ambaye ndiye wa mwisho wao. Chifu aliniagiza nimtungie lugha. "Kitu chochote cha ajabu," alisema. Chochote! Mimi situngi chochote. Darasa la lugha sijakaa hata siku moja. Nilijifunza mashairi kwa kuiba vitabu vya kaka yangu na kuvirudisha kabla hajaamka. Lakini nilisoma kwamba Kilatini, Kiajemi, Kihindi na hata Kiingereza ni ndugu, watoto wa mama mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akizungumza. Wataalamu huyatafuta maneno yake katika watoto wake, na mbele ya kila moja huweka kinyota, kama kusema: hili tunalikisia tu. Nami nikampa mama huyo mtoto mwingine. Nikamwita Kiedari.

Nilikipangia sheria na sikuvunja hata moja. Kila P iliyosimama mwanzoni mwa neno ilianguka: *pater* wa Kilatini, yaani baba, kwetu akawa *ater*, *ped* ya mguu ikawa *eda*, na kutoka hapo watu wenyewe wakaitwa Waedari, watembeaji. Kitenzi hukaa mwisho. Sisi katika Kiswahili humjua mtendaji tangu kitenzi kinapofungua mdomo. Mwedari anamficha mkiani mwa kitenzi, na lazima umsikilize mwenzako mpaka amalize. Jina la kitu nalo hubadilisha mkia kulingana na kazi yake katika sentensi, kwa hiyo mshairi anaweza kulihamisha popote lisipotee.

Nilipomweleza Shangazi, aliniuliza, "Sasa hizo P zao zilianguka wapi?"

"Ni sheria tu, Shangazi."

"Sheria bila sababu? Walivuka milima, sivyo? Basi ni baridi. Midomo ilikufa ganzi. Wewe jaribu kusema *papai* midomo imeganda."

Tulicheka mpaka akakohoa. Nami nikaiandika hiyo kuwa ndiyo historia rasmi ya Waedari.

Shangazi ndiye aliyenilea. Ni mwigizaji wa redio tangu sijazaliwa, na miaka yote hiyo wamempa wachawi, mama wakwe na majirani wambea. Mjane huyu ndiye mhusika mkuu wake wa kwanza. Hakutaka kukariri sauti tupu. Alitaka kujua kila mkia wa kila neno. Jikoni alikuwa akinigombeza kwa Kiedari. Duniani tulikuwa wasemaji wawili tu. Halafu daktari akaona uvimbe kooni mwake. Kesho asubuhi wangempasua, na hakuna aliyethubutu kutuahidi kwamba angeamka na sauti. Ombolezo la mjane, lile nililolisikia ngazini, lilikuwa kazi yake ya mwisho kabla ya kisu.

Na hawa walikuwa wamelipindua kama soksi.

"Rudisha ilivyokuwa," nikamwambia Mkasi.

"Ndefu mno," Chifu akajibu. "Nataka dakika moja. Mkasi amechagua vipande vitamu, akaviunga. Kilichobaki kimefutwa, diski inahitajika kwa tangazo la sabuni."

"Kimefutwa?"

"Bwana mdogo, punguza sauti. Lugha yenyewe umeibuni chumbani kwako. Wenyewe wako wapi waje kulalamika?"

"Nimesimama mbele yako!"

"Haya, Mwedari," Mkasi akasema. "Na wenzako wako kwenye basi?"

"Mwenzake yuko hapa."

Shangazi alikuwa mlangoni, skafu imezungushwa shingoni. Alikuja kuwaaga. Sijui alisimama pale tangu lini, lakini uso wake ulionyesha amesikia ya kutosha.

"Mkasi, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, yenye mikwaruzo. "Huwa unakata wapi?"

Mkasi akajikuna kisogo. "Kwenye pumzi, Mama. Mtu akivuta pumzi, hapo ndipo ninapoingia. Lugha siielewi, ningejuaje pengine?"

"Nifungulie kibanda cha kurekodia."

"Shangazi, hapana," nikasema. "Daktari amesema—"

"Daktari atanipata kesho. Leo nina kazi. Chifu, nikimaliza utalirusha lote, au utaiondoa sauti yangu kwenye vipindi vyote. Chagua nikiwa ndani."

Aliingia, akavaa hedifoni, akasogeza maiki karibu. Nilimwona kupitia kioo akijaza kifua mpaka mabega yakapanda. Ombolezo nilikuwa nimelitunga kwa mistari mifupi, kila mmoja na pahali pa kupumzika. Yeye hakupumzika.

*Ater, eda mei ne stati.* Baba, mguu wangu hausimami. Mwisho wa mstari, nilipomwachia nafasi, alilibana neno likamwagikia lililofuata, na lile kwenye lingine, ubeti wote kwa pumzi moja. Ilipobidi avute hewa, aliivuta katikati ya neno, akiligeuza kuwa kwikwi, sauti ikiendelea kutoka. Mishipa ilimsimama shingoni juu ya skafu. Karibu na mwisho sauti ilipasuka ikabaki kama karatasi inayochanwa, naye akaishikilia hiyo hiyo, akamalizia nayo, mikia yote mahali pake.

Chifu alikuwa ameacha kutafuna.

Mkasi alipeleka rekodi mbele na nyuma, jicho kwenye mawimbi ya sauti katika kioo cha kompyuta. Akajaribu kukata mahali, pakalia kama bawaba kavu. Akajaribu pengine. Akavua hedifoni.

"Bosi, hapa hapakatiki."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Ama lote, ama hamna."

Chifu akanitazama mimi kana kwamba nimemtemea mate. Nilitamani aseme neno moja tu zaidi. Akatupa maganda ya karanga kwenye ndoo, akasema, "Punguzeni muziki wa mwisho, liingie," akatoka na kuubamiza mlango. Kuomba radhi, hata kwa bahati mbaya, hakuomba.

Nilimkuta Shangazi bado amekaa kibandani. Nilimmiminia chai. Alinywa, akafunga macho, na aliposema ulikuwa mnong'ono tu.

"Bado umekasirika."

"Nitamvunjia kioo cha gari."

"Acha ujinga." Akanishika mkono. "Baba, nikiamka sina sauti, Kiedari utazungumza na nani?"

Kwa hasira yote iliyokuwa imenijaa tangu ngazini, nikasema kwa nguvu mpaka Mkasi akageuka nyuma ya kioo:

"Na wewe, Shangazi. Kila siku nitakuja, nitasema zamu yangu na zamu yako. Wewe utanijibu kwa mkono, na nikikosea hata mkia mmoja, utanizaba kibao. Nakuahidi."