Fimbo ya Mughwai kwenye Mawe

Edward alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo karibu maisha yake yote ya kazi, na kazi ile ilimzoesha kiti. Alipostaafu na kurudi kwao Ilongero, aliendelea kukaa. Alishinda barazani akisikiliza redio, mwili ukinenepa na pumzi zikipungua, mpaka asubuhi moja kikombe cha chai kikamponyoka mkononi na mdomo ukapinda upande. Mkewe Joyce akaita majirani, wakampeleka hospitali mjini.

Alipona, ila mguu wa kushoto ulibaki mzito. Daktari alimweleza wazi kwamba dawa peke yake hazitamfikisha mbali. Lazima autumie mwili wake kila siku, na asiache akipata nafuu. Jirani yake Lazaro akamwalika kwenye timu ya wazee waliocheza mpira jioni kwenye uwanja wa shule. Edward alikataa. Tangu utoto hakuupenda mpira, na hakuona sababu ya kuanza kuchekwa uzeeni. Akasema yeye atatembea.

Njia aliyoichagua ilikuwa ya ng'ombe, iliyopita nyuma ya nyumba, ikakata mashamba ya alizeti na kupanda kwenye mawe makubwa. Joyce hakuifurahia. Ndiyo njia aliyoifuata baba mkwe wake, Mzee Mughwai, kila alfajiri mpaka uzee wake wa mwisho, hata alipokuwa hana tena ng'ombe wa kuchunga. Watoto walimkataza. Mzee aliwajibu kwamba siku atakayokaa ndiyo watakayomzika. Mwishowe walimkuta huko huko juu, amekaa ameegemea jiwe, fimbo katikati ya magoti, mwili umeshapoa.

Siku za kwanza Edward aliishia pale alizeti zinapokwisha, akihema, akageuka. Ilikuwa hapo, asubuhi moja yenye upepo mkali, alipoisikia fimbo. Iligonga jiwe mahali fulani mbele yake, ikanyamaza kidogo, ikagonga tena, kama ya mtu anayepanda bila haraka. Alidhani ni mchungaji. Akaita, asijibiwe. Akapanda kidogo ili aone ni nani, na mlio nao ukasogea mbele.

Kesho yake ukawepo. Na siku zilizofuata.

Hakumwambia mtu. Aliogopa Joyce angesema kichwa kimeguswa na ule ugonjwa, na yeye mwenyewe hakuwa na hakika kwamba sivyo. Lakini kila alfajiri alivaa viatu akatoka, na kila alfajiri alifika mbele kidogo kuliko jana, kwa kuwa mlio ule haukumsubiri. Mguu wa kushoto ukaanza kutii. Suruali zikampwaya. Kule kliniki muuguzi alipima presha yake mara mbili kwa kutoamini, akamuuliza anafanya nini siku hizi. Edward akasema anatembea.

Kadiri alivyopata nguvu, ndivyo hofu ilivyozidi. Sasa aliweza kusikia kandambili za tairi zikikwaruza mwamba, na kile kikohozi kifupi ambacho mzee alikuwa nacho kila baridi ya Juni. Alijua kwamba akikaza mwendo atamfikia. Alilala akiwaza atakachokiona akifika ubavuni pake, na kama baada ya kukiona atarudi nyumbani.

Mwishowe Joyce alimbana. "Baba Gerald, huko juu unakutana na nani? Ukirudi unakuwa na uso wa mtu aliyetoka msibani."

Edward alimweleza yote. Joyce hakucheka. Aliendelea kuchambua mboga zake, kisha akamuuliza kama siku zote hizo alishawahi kumwamkia.

Hakuwahi. Alikuwa amemfuata baba yake kama mtu anayemvizia mwizi.

Alfajiri iliyofuata alipanda mpaka lile jiwe ambapo walimkuta mzee. Upepo ulikuwa umetulia, jambo ambalo si la kawaida kule. Mlio wa fimbo ulikuwa karibu sana, upande wa pili wa jiwe, na kikohozi kikasikika. Edward akasimama, akavua kofia.

"Shikamoo, baba."

Fimbo ilikoma. Alisubiri mpaka jua likampiga usoni, kisha akajikaza, akazunguka jiwe. Hapakuwa na mtu.

Tangu siku hiyo mbele kukawa kimya. Edward hakupata utulivu wa moyo alioutegemea. Alihisi amemfukuza, na njia ikamwelemea kwa upweke. Hata hivyo hakuacha kutembea. Alitembea wakati wa mvua na wakati wa vumbi, alizeti zikachanua, zikavunwa, zikapandwa tena.

Lazaro aliumia goti mpirani, na lilipopona hakuthubutu kurudi uwanjani. Akaomba waongozane, Edward akakubali. Walipanda wakizungumza habari za mavuno, Edward akipunguza mwendo ili mwenzake asiachwe. Walipofika kwenye mawe Lazaro akanyamaza. Akasogea karibu, mpaka mabega yao yakagusana.

"Edward," alisema kwa sauti ya chini, "huyu anayekuja nyuma yetu akigonga fimbo ni nani?"

Edward hakuwa amesikia kitu. Alitega sikio, akasikia upepo tu. Wachungaji hutembea nyuma ya mifugo yao, hilo alilijua tangu akiwa mtoto, alipochunga na baba yake.

Akamshika Lazaro mkono. "Usigeuke," alimwambia. "Mwamkie, halafu tuendelee kutembea."

Lazaro akaamkia, nao wakapanda.